Uji Usioonjwa

Kila asubuhi, kabla jua halijaamua kama litatoka au litajificha nyuma ya moshi wa mlima, Wivine alikuwa anabeba mabidoni mawili ya manjano na kuteremka bombani. Kwao ni Mabanga, mtaa wa Goma ambako mtu anakanyaga mawe meusi ya volkano tangu siku anayojifunza kusimama, na kiatu kipya hakimalizi sikukuu mbili. Fabiola, binti wa jirani, alikuwa anamngoja langoni na mabidoni yake. Walipanga foleni pamoja, wakacheka pamoja, wakarudi shingo zikiwauma pamoja.

Akisha kutua maji, Wivine alinawa, akavaa sare yake ya darasa la sita, kisha akafanya kazi ya mwisho kabla ya shule. Kazi hiyo ilikuwa Babu.

Babu yake, Muzee Ndayambaje, baba wa mama yake, alikuwa ameendesha lori, yeye aliliita kamiyo, miaka thelathini kati ya Goma na Bunagana. Aliendesha mvua na jua, na kwa maneno yake mwenyewe, aliendesha hata siku mbili bila magurudumu. Siku moja alishikwa na maumivu ya kifua ghafla akiwa anakula mishikaki kwa rafiki. Hospitalini wakamlaza majuma mawili. Akarudi mashavu yamebonyea, ana mfuko wa dawa na karatasi iliyoandikwa Kifaransa. Siku ya kutoka, dokta aliyekuwa na haraka alimweleza mambo yote mlangoni, naye Babu akajibu "Wi, dokta", yaani ndiyo, mara saba. Angeulizwa kama ng'ombe anataga mayai, angejibu vilevile.

Nyirakamana, mama wa Wivine, aliuza maharage sokoni na kuondoka mapema. Kwa hiyo alimwachia Wivine dawa.

"Vidonge vitatu," alimwambia. "Kila asubuhi. Na usimpe kisogo mpaka amemeza. Chumvi kidogo sana, sigara hapana, na jioni atembee. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku ya kwanza Babu alitia vidonge mdomoni, akanywa maji, akasema "Aaa!" kama mtu aliyekunywa kitu kitamu. Mama akaenda zake sokoni. Hapo Babu akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, palipo na ukuta wa mawe meusi. Kwenye ukuta huo, chini ya bati, palikuwa na ufa unaoweza kupitisha ngumi. Babu akainama, akatema vidonge vyote vitatu ndani yake. Alipogeuka, Wivine alikuwa amesimama hapo.

"Babu! Mama amesema..."

"Shii! Mutoto, dawa ni ya mutu anayeumwa. Miye naumwa fasi gani? Nionyeshe." Akajipiga kifua. "Moyo ulizimika, wakaupiga starteri, ukawaka. Wewe umeona kamiyo inayorudi garaji kila siku, na inatembea vizuri?"

"Hapana, lakini..."

"Basi. Hii ni siri ya dereva na utingo wake. Njoo nikuambie siku breki zilipokatika kwenye mteremko wa Rugari."

Wivine aliijua hadithi hiyo. Lori limejaa mbuzi, breki zimekatika, mteremko haumaliziki. Babu anatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Abiria wote, kazeni miguu!" Na mbuzi ishirini wanakaza kwato, lori linasimama hatua moja mbele ya padri na chukudu lake la mbao la kusukumia mizigo. Mara ya kwanza walikuwa mbuzi ishirini. Baadaye wakawa arobaini. Asubuhi hiyo walikuwa sitini, na mmoja wao alimsalimu padri. Wivine akacheka hadi akasahau alichotaka kusema.

Ndivyo siri ilivyoanza, na siri haikai peke yake. Kesho yake Babu alimwomba aongeze chumvi kwenye mboga yake ya sombe. Keshokutwa akamtuma sigara mbili dukani. Kutembea jioni hakukutajwa tena. Kwa dawa, Babu alikuwa mzima kabisa. Lakini akiombwa asogee hata hatua kumi, alikuwa mgonjwa wa moyo na mtu asimsumbue. Mama akirudi jioni, akiuliza, "Babu amekunywa dawa?" Wivine alijibu, "Ndiyo, mama." Mara ya kwanza neno lilimkwama. Mara ya kumi lilitoka lenyewe, kama salamu.

Majuma matatu yakapita hivyo.

Mama Sidonie, mama wa Fabiola, alikuwa mtu wa Butembo aliyehamia Mabanga kabla Fabiola hajazaliwa. Kila asubuhi aliuza uji wa mtama kwenye kona, mbele ya benchi lake la mbao. Na kila Jumamosi alasiri alimletea Babu kopo moja, kwa ujirani tu.

"Muzee, bado unapumua?"

"Napumua, Mama Sidonie. Nilitaka kufa jana, nikakumbuka leo ni siku ya uji."

Huku kwetu mtu akikuletea kinywaji, yeye mwenyewe anapiga funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Hakuna anayeuliza sababu, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini mtu anabisha hodi. Lakini sababu kila mtu anaijua. Ni karuho, sumu ambayo watu wanasema inafichwa chini ya ukucha na kudondoshwa kwenye kikombe. Kwa hiyo Mama Sidonie alikuwa anaonja kila Jumamosi, akifuta mdomo kwa kiganja, na Babu anapokea.

Jumamosi moja mvua ilikuja mbio kutoka upande wa ziwa. Mama Sidonie alikuwa ameshika kopo, Wivine ameketi juu ya ndoo anamenya viazi.

"Mama! Nguo!" Fabiola alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Mvua imefika!"

"Ayi! Shuka zangu!" Mama Sidonie akalitia kopo mikononi mwa Babu, akakimbia kuanua nguo. Hakuonja. Babu alilitazama kopo kidogo, akacheka, akanywa mpaka chini. Kisha akavuta sigara yake mlangoni, akiangalia mvua.

Haikupita hata saa moja. Wivine alisikia kiti kinaanguka. Babu alikuwa sakafuni, uso wake una rangi ya majivu, jasho linamtiririka kama bati limetoboka juu yake. Alikuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulilala tu.

"Kamiyo..." alisema. "Kamiyo imepanda juu yangu."

Wivine alipiga kelele. Majirani wakaja. Mmoja akampigia simu mama sokoni, naye akasema Babu apelekwe hospitalini, mwingine akampigia mjomba Habiyaremye, anayekaa Katindo. Mjomba ndiye aliyefika kwanza, suruali imelowa hadi magotini. Alimtazama baba yake aliyelazwa juu ya godoro, kisha akawatazama watu wote chumbani.

"Leo nani alimpa kitu cha kunywa?"

Akamgeukia mpwa wake.

"Wivine. Wewe ulikuwepo."

"Mama Sidonie, mujomba. Alimletea uji."

"Alionja?"

Wivine alihisi macho ya watu wote juu yake. Angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema juu ya ukuta, juu ya chumvi, juu ya sigara ambayo kipande chake bado kilikuwa mlangoni kimelowa. Lakini aliulizwa jambo moja, akajibu jambo moja.

"Hapana, mujomba. Leo hakuonja."

Lilikuwa jibu la kweli. Na ndilo lililowasha moto.

"Karuho!" alisema mtu nyuma. Neno likatoka nje ya mlango, likapita ua, likaenda mtaani likiwa na miguu yake lenyewe. Babu naye alilisikia. Akafumbua macho, akalishika kama mtu anayezama anavyoshika kamba.

"Ndiyo," alinong'ona. "Wamenipa karuho."

Mjomba akasimama. "Tunampeleka kwa mfumu wa kienyeji anayetapisha, kule nje ya muji. Lopitali hawajui karuho. Watamutundikia maji ya chupa mpaka afe."

"Mujomba, mama alisema lopitali..."

"Nyamaza! Mutoto anajua nini?"

Nje, jiwe la kwanza likagonga bati la Mama Sidonie. Likafuata la pili. Mabanga mtu haendi mbali kutafuta jiwe. Mama Sidonie alikuwa amejifungia ndani. Fabiola alikuwa nje bado, mgongo ameuegemeza mlangoni, gauni limelowa mvua. Alimwona Wivine kwenye kizingiti.

"Wivine!" aliita. "Wewe ulikuwepo! Ulimwona mama! Sema kitu!"

Wivine alimtazama rafiki yake, akageuka akamtazama Babu. Wanaume wawili walikuwa wanamwinua godoroni ili wampeleke akatapishwe. Kichwa chake kilining'inia. Wivine akafikiri: wakimtapisha hivi alivyo, atakufa. Na akifa, watasema ni Mama Sidonie, na mimi peke yangu nitajua.

Alinyakua kijiko, akakimbia nyuma ya nyumba. Alipiga magoti kwenye mawe, akaingiza mkono ndani ya ufa hadi kwenye kiwiko, akachimbua kwa kijiko. Vidonge vilikuwa vimelowana kwa mate, vikakauka, vikashikana. Vilitoka kama donge moja, jeupe na waridi, kubwa kuliko yai la bata. Majuma matatu ya Babu yalikuwa yamekaa pale ukutani.

Akarudi ndani, akaliweka donge sakafuni mbele ya miguu ya mjomba.

"Nini hii?"

"Dawa za moyo za Babu. Zote. Alizitema tangu siku ya kwanza, na mimi nilimwona." Wivine alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka yamenyooka. "Nilimtilia chumvi. Nilimnunulia sigara. Mama akiniuliza, nilimdanganya. Mama Sidonie hakumpa kitu chochote. Alikimbilia nguo zake kwa sababu ya mvua."

"Bongo! Uongo mutupu!" alifoka mjomba. "Unamutetea rafiki yako!"

"Muulize Babu mwenyewe."

Wanaume walimrudisha Babu godoroni. Huyu alikuwa mtu ambaye hajakosa hadithi maisha yake yote. Angeweza kusema kwamba donge lile ni jiwe la volkano, au yai la ndege wa Bunagana, na nusu ya watu wangemwamini. Alilitazama donge.

"Mutoto anasema kweli," alisema. "Leo sina hadithi."

Wakati huo Nyirakamana aliingia akiwa amelowa chapachapa, kitambaa cha kichwa mkononi. Aliona baba yake. Aliona donge. Hakuhitaji kuelezwa, alimgeukia Wivine.

"Nilikuachia wewe," alisema.

Hakumpiga. Wivine angependelea apigwe.

"Lopitali," mama akawaambia wote. "Sasa hivi."

Taksi-moto, pikipiki ya abiria, ikaitwa. Babu akapandishwa kati ya dereva na mjomba, lakini alikuwa analegea, anatelezea upande huu na ule. Hapo mlango wa jirani ukafunguka. Mama Sidonie alitoka. Watu waliokuwa na mawe mikononi waliyaangusha, wengine wakageuka kutazama angani kana kwamba mvua ndiyo iliyowaleta. Alipita katikati yao, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni lake, akamzungushia Babu na Habiyaremye kwa pamoja, kama unavyomfunga mtoto mgongoni. Akafunga fundo. Akalivuta, akalifunga tena.

"Endesha polepole kwenye mawe," alimwambia dereva.

Mjomba hakuweza kumtazama. Hakuna aliyesema aksanti.

Babu hakufa. Ninawaambia mapema ili mpumue. Lakini siku mbili za kwanza mama alirudi kutoka hospitalini, akaketi juu ya ndoo, akaangalia mikono yake.

Siku ya tatu, mchana, Wivine aliruhusiwa kuingia. Babu alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kando yake aliketi Muganga Buhendwa, mwanaume mfupi mwenye miwani, anayeongea taratibu. Alikuwa amevuta kiti. Kwa Babu hilo lilikuwa jambo jipya, muganga anayeketi.

"Muzee, kabla sijasema kitu, nieleze wewe. Ulipata ugonjwa gani?"

"Moyo ulizimika. Mukaupiga starteri."

"Na dawa zilikuwa za nini?"

"Za kuondoa maumivu. Maumivu yaliisha, nikaziacha."

"Na safari hii?"

Babu aliangalia dari. "Safari hii nilisema ni karuho. Ilikuwa rahisi kuliko kusema ni miye."

Buhendwa hakucheka wala hakumgombeza. "Umeendesha kamiyo. Mrija wa mafuta ya mazuti ukijaa uchafu, nini kinatokea?"

"Mashine inakosa nguvu. Inazimika."

"Moyo wako nao unalishwa na mirija. Ni mishipa midogo ya damu. Mmoja uliziba. Kipande cha moyo kilichokosa damu kilikufa. Hakikulala, muzee. Kilikufa. Juzi kimekufa kingine."

Babu alifikiri. "Kinaota tena?"

"Hapana."

"Na spea?"

"Huku kwetu hakuna duka la spea hiyo."

Babu alifumba macho, na Wivine akaona chozi likishuka upande wa sikio. Hakuwahi kumwona akilia. Hata siku zile za vita, Babu alikuwa anatunga hadithi chini ya kitanda.

"Basi nimekwisha," alisema.

"Hujakwisha. Kilichobaki kinatosha kukuweka hai, ukikitunza. Vidonge hivi haviondoi maumivu. Kimoja kinazuia damu isigande ndani ya mrija. Kimoja kinapunguza mafuta yanayouziba. Kimoja kinapunguza kazi ya moyo. Kifua kikinyamaza, ndipo vinafanya kazi. Siku unaviacha, mrija unaanza kuziba, na hutasikia kitu mpaka siku ya kuanguka. Chumvi inapandisha presha. Sigara inakwaruza mirija na kuibana. Na kukaa kitini kutwa nzima kunaudhoofisha moyo kama lori linalooza uani."

"Nilidhani nikitembea utapasuka."

"Utembee kidogo, kila siku unaongeza kidogo. Ukikosa pumzi, simama. Kifua kikibana tena kama juzi, mkono ukawa mzito, jasho likatoka, usingoje na usitafute nani amekuroga. Njoo hapa mara moja." Buhendwa akavua miwani, akaifuta. "Na sisi tulikosa. Tulikueleza mlangoni, kwa Kifaransa, umesimama na mfuko mkononi. Sasa nirudishie yote kwa maneno yako."

Babu alijaribu, akachanganya. Akajaribu tena, akasahau chumvi. Mara ya tatu alisema yote. Kisha Buhendwa akamgeukia Wivine, naye akamwambia arudishe vilevile. Akarudisha bila kuacha hata neno, maana alikuwa hajawahi kusikiliza kitu kwa nguvu namna ile.

Babu alirudi nyumbani baada ya siku nane. Alikuwa anahema hata akivaa shati. Hadithi zake zilikatika katikati kwa kukosa pumzi. Lori lilianza kushuka mteremko wa Rugari, na kabla mbuzi hawajakaza kwato, Babu alinyamaza, ameweka mkono kifuani, na lori likabaki huko.

Lakini nyumba iliyokuwa kimya zaidi ilikuwa ya jirani. Mjomba Habiyaremye alikuja akiwa amevua kofia, akamwomba Mama Sidonie radhi mlangoni kwa sauti ambayo hata kuku hakuisikia. Neno karuho lilikuwa limetoka siku moja, likaenea mtaa mzima. Neno la kulifuta halikufika mbali hivyo. Asubuhi watu waliokuwa wanakunywa uji kwenye kona walipita upande wa pili wa njia. "Si kwamba naamini," walisema, "ila tumbo ni langu." Sufuria ya Mama Sidonie ilirudi nyumbani imejaa. Na bombani Fabiola alipanga mabidoni yake mbali. Wivine alipomsalimu, alijibu, "Salama," akaangalia maji.

Wivine alimweleza Babu jambo hilo. Alimweleza kila kitu siku hizi.

Kesho yake, baada ya kumeza dawa, Babu alichukua fimbo. "Beba kigoda," alisema. "Tunakwenda kwenye kona."

"Babu, ni mbali."

"Najua. Hatufiki leo."

Siku hiyo walifika langoni. Siku ya pili walifika kwenye nguzo ya umeme. Babu akikosa pumzi, Wivine aliweka kigoda, Babu akaketi katikati ya njia, na wenye chukudu wakamzunguka wakimtania: "Muzee, umefunga njia kwa barriere? Tulipe ushuru gani?" Siku nyingine mvua ilinyesha wakarudi nyuma. Siku nyingine miguu ilimvimba, Muganga Buhendwa akambadilishia dawa, akapumzika siku tatu. Kona ilikuwa mwendo wa dakika mbili kwa mtoto. Babu ilimchukua majuma matatu.

Asubuhi waliyofika, Mama Sidonie alikuwa peke yake, sufuria inafuka moshi. Fabiola alikuwa anafuta vikombe ambavyo hakuna aliyevitumia. Babu akaketi kwenye benchi, akahema mpaka akatulia. Ng'ambo ya njia watu walisimama kuangalia.

"Mama Sidonie. Nipe uji. Sukari kidogo tu, mwalimu wangu ni mukali." Akamwonyesha Wivine kwa kidole.

Mama Sidonie akashika upawa. Akachota, akamimina kikombeni. Kisha, mbele ya watu wote, akakiinua kikombe mdomoni mwake ili aonje.

Babu akaweka mkono wake juu ya mkono uliokishika.

"Usionje," alisema.

"Muzee, watu wanaangalia."

"Ndiyo maana. Lete."

Akakichukua kikombe, akanywa funda baada ya funda bila kukishusha. Akakipindua kichwa chini watu waone. Halafu akasema kwa sauti iliyobaki, na haikuwa kubwa, "Siku ile nilianguka kwa sababu nilitema dawa zangu ukutani. Huyu mama nilimsingizia. Karuho yangu nilijipa miye mwenyewe, vidonge vitatu kila asubuhi." Akakatiza, akahema. "Anayetaka kuniona nikifa kwa uji huu, aje aketi hapa angoje. Atangoja sana."

Mtu mmoja akacheka. Mwenye chukudu, kijana mwenye njaa, akavuka njia na kuomba kikombe. Alikuwa mmoja tu. Asubuhi ile hakuja mwingine.

Wivine alisimama mbele ya Mama Sidonie, akashika mguu wa kigoda. "Mama Sidonie, unisamehe. Waliponiuliza..."

"Najua walichokuuliza." Mama Sidonie alikuwa anaosha kikombe cha Babu. "Waliuliza kama nimeonja, ukasema kweli. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulikuwa na kweli mbili. Ukatoa ile ndogo, ukaficha ile kubwa, na ile ndogo ikawa mawe juu ya bati langu. Babu yako alimficha muganga, wewe ukamficha mama yako, na kila mmoja alifikiri anampenda mwenziwe. Mgonjwa hasaidiwi kwa kufichiwa. Anasaidiwa na yule anayemkasirisha leo ili kesho amwone hai. Siku nyingine, ukijua jambo linaloweza kumuua mutu, usingoje uulizwe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nenda shule. Na wewe, Fabiola, acha kufuta kikombe hicho, utakitoboa."

Wasichana wakatazamana. Fabiola hakutabasamu, lakini alichukua ncha ya pili ya kigoda, wakakibeba pamoja nyuma ya Babu hadi nyumbani.

Tangu hapo Babu anakwenda kwenye kona kila asubuhi na vidonge vyake vitatu ndani ya karatasi. Hawezi tena kupanda ngazi, na mbuzi wa Rugari, akikosa pumzi, Wivine ndiye anayewakazisha kwato. Wateja wamerudi mmoja mmoja, wengine hawatarudi. Babu anatia vidonge mdomoni, anakunywa uji ambao hakuna aliyeuonja, kisha anamgeukia mjukuu wake mbele ya benchi zima, anafungua kinywa wazi kama mlango wa kanisa, na kuinua ulimi.

"Angalia chini," anasema. "Usimwamini dereva."

Na Wivine anainama, anaangalia vizuri.